Chupa ya Mama Vifungo

Chumba cha kujazia vidonge
9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya karakana yenu ya ushonaji ina masikio mengi mno. Mara ya mwisho nilipokuuliza habari za magoti yako nilijibiwa na mafundi wanne kwa mpigo, kila mmoja na magoti yake. Bora niandike, na wewe unijibu kwa mwandiko wako ule ulionyooka kama mshono.

Kwanza, asante. Sista wa zahanati ameniambia ulikwenda na karakana nzima, mkajiandikisha wote, na ukamsimamia fundi wa mwisho mpaka akatia sahihi. Profesa wangu alipoona majina alisema, "Huyu shangazi yako tumwajiri." Nilivimba kichwa siku nzima, sikufichi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, usije ukasimuliwa nusunusu. Ule unga wa mzizi mchungu unaouzwa kila duka kwa ajili ya maumivu ya viungo, hakuna ajuaye kwa hakika mtu ameze kiasi gani. Kila muuzaji ana lake. Mimi na wewe tunajua hilo limetugharimu nini. Chupa ya Baba iliandikwa "tumia inavyohitajika", na Baba alihitaji sana, ndiyo maana akawa anachota kwa kijiko cha mezani. Akachota mpaka macho yakawa ya njano na ini likagoma. Hakuna aliyemdhulumu, ila hakuna aliyemwambia pia. Nataka siku moja chupa ile iandikwe namba. Sitaki makuu, Shangazi. Namba tu.

Kwa hiyo kila mmoja wenu atapewa chupa yake. Wengine watapata kipimo kidogo, wengine cha kati, wengine kikubwa, na wengine hawatapata dawa kabisa, ni unga wa mchele uliotiwa rangi. Kwa macho vyote ni vilevile. Hata mimi huletewa unga kwenye makopo manne yenye alama tu, najaza na kufunga bila kujua kipi ni kipi. Anayejua ni Mtakwimu peke yake, na huyo hata ukimuuliza saa hakuambii bila kufikiri kwanza.

Viwili kila asubuhi, baada ya kula. Msimpe mtu yeyote asiye mshiriki. Mengine Sista atawaeleza.

Wako,
Kidonge

*

Karakana, ghorofani
20 Februari

Kidonge wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, moja kwa macho yangu na moja kwa sauti, maana hawa wenzangu wasingenipa nafasi ya kukata kitambaa mpaka wasikie. Ulipoandika habari za baba yako fundi wa mapazia alizima cherehani. Hapa cherehani hazizimwi hivihivi.

Ulikuwa mtoto mdogo, mviringo, mgumu kumeza dawa, tukakuita Kidonge. Leo unavijaza wewe. Laiti kaka yangu angekuona na hilo koti jeupe! Angekwenda kuwaringia majirani mpaka wamkimbie.

Sasa nikupe habari. Chupa zimefika. Sista alipanda ngazi zetu za chuma akihema, akaziweka kwenye meza ya kukatia, akatuita mmoja mmoja kwa jina kama shule. Tukapokea. Akatutoa damu, na fundi wa kola, aliye mkubwa kuliko sisi sote kwa kimo, akazimia hata sindano haijamgusa. Tulicheka mpaka tukaharibu shati moja la sare.

Unamkumbuka Mama Vifungo? Anakaa pale dirishani, anashona vifungo na matundu yake. Miaka yote hiyo amekanyaga ile mashine ya zamani ya chuma, na magoti yake sasa yanalia kama bawaba. Ngazi anazipanda kwa makalio, ngazi moja moja, huku akitutania sisi tunaomwangalia. "Pisheni mizigo inapita," anasema. Huyo ndiye aliyenitia uchungu ulipoandika kwamba wengine watapata unga wa mchele. Nilijiuliza, na akiwa yeye je?

Lakini usiwe na wasiwasi na jambo la vile vidonge vitupu. Hilo tumekaa, tumeliongea na tumelimaliza wenyewe. Hapa sindano ikivunjika imevunjika yetu sote. Hakuna atakayenung'unika.

Kula vizuri. Sista anasema umekonda.

Shangazi yako

*

Chumba cha kujazia vidonge
11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekonda kwa sababu kantini yetu ina mpishi anayechukia watu. Usimwamini Sista.

Barua yako nimeibeba mpaka kwenye kikao. Niliwasomea lile neno lako: tumekaa, tumeliongea, tumelimaliza wenyewe. Hujui maana yake kwetu. Zahanati nyingine watu wanaacha kila wiki. Mwingine anasema yangu haina nguvu, najua mmenipa mchele. Mwingine anampelekea mkewe. Mwingine amevimwaga kwenye uji wa kuku wake aone kama watataga zaidi. Na ninyi huko hamjakosa hata mmoja! Sista anasema mkirudisha chupa, zote zimebaki sawasawa, hakuna aliyezidisha wala aliyesahau.

Profesa alivua miwani akasema, "Hawa ndio wanaoelewa utafiti ni nini." Mtakwimu hakusema kitu, ila aliandika, na kwake huo ni wimbo.

Niwaambie ukweli, nawaonea fahari. Watu wanaofanya kazi ngumu siku nzima, wanaumwa, na bado wanakubali kwamba huenda wanameza mchele, ili tu mtu mwingine kesho ajue kipimo. Mimi sidhani ningeweza. Mpe Mama Vifungo salamu zangu za pekee, mwambie namwaza kila nikifunga mfuniko.

Kidonge

*

Karakana
28 Aprili

Mwanangu,

Tu wazima. Tuna sare za shule mbili kwa wakati mmoja na pasi imeungua, kwa hiyo hii ni fupi.

Magoti yanakwenda vizuri, yote kwa pamoja, kama yaliyokatwa kwenye jora moja. Mama Vifungo juzi alipanda ngazi tatu kwa miguu yake, akageuka akatupungia mkono kama bibi harusi. Tukapiga vigelegele mpaka mwenye duka la chini akaja kuuliza nani kaolewa.

Sifa ulizotuandikia nimewasomea. Walifurahi, kisha wakarudi kwenye cherehani kabla sijamaliza kusoma. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Labda ni uchovu.

Shangazi

*

Nyumbani, mezani kwangu
3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sina pa kuanzia, acha nianze tu.

Wamenichukulia ufunguo wa chumba cha kujazia.

Majibu ya damu ya nusu ya kwanza yametoka. Kila mahali damu imesema ilichotakiwa kusema: aliyepewa kidogo ana kidogo, aliyepewa mchele hana kitu. Isipokuwa zahanati yenu. Kwenu wote mna dawa mwilini, na wote mna kiasi karibu kilekile. Hata wale ambao Mtakwimu anajua kwamba chupa zao ni mchele mtupu. Amepima tena. Ni vilevile.

Maelezo yao ni haya tu. Wanasema aliyejaza chupa za kwenu alichanganya makopo. Aliyejaza ni mimi. Na kwa kuwa shangazi yangu yuko hapo, kuna aliyeuliza kwenye kikao, kwa upole kabisa, kama huenda sikuchanganya kwa bahati mbaya. Kama sikutaka ndugu zangu wapate mchele.

Profesa amenitetea, ila amenitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Kamati ya maadili itakaa mwisho wa mwezi. Wakiamua ni mimi, utafiti wote unafungwa, zahanati zote, na mimi kazi hii basi. Hapatakuwa na namba. Watu wataendelea kuchota na kijiko.

Nimerudia kichwani kila siku niliyojaza. Alama, kopo, chupa, mfuniko. Sikosi. Lakini nimeanza kujishuku, na hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko yote. Labda nilikosea kweli.

Nisamehe kwa kukutwika haya. Sina mwingine wa kumwambia.

Kidonge

*

Karakana
6 Juni, kwa mkono wa dereva wa basi la vifurushi

Kidonge,

Hukukosea. Kaa chini usome. Hukukosea hata kidogo.

Ni sisi.

Siku ile Sista alipoteremka ngazi na mkoba wake, tulibaki na chupa mezani. Fundi wa mapazia akasema, "Basi hapa yupo mwenye mchele, na yupo mwenye dawa ya kutosha punda." Tukamtazama Mama Vifungo. Yeye akasema mgao ni mgao, kila mtu na bahati yake. Mimi ndiye niliyekataa. Mimi, shangazi yako, nilileta beseni la kuloweka vitambaa, nikalikausha, nikasema mimineni. Tukamimina chupa zote humo, nikakoroga kwa mkono wangu mpaka vikachanganyika, tukajaza upya kila mtu chupa yake. Na kila mwezi Sista akileta nyingine, beseni lilelile. Ndiyo maana chupa zilikuwa zinarudi zimebaki sawasawa.

Usinifikirie kwamba tulidharau karatasi yako. Tuliisoma. Imeandikwa msimpe mtu yeyote asiye mshiriki. Sisi sote ni washiriki. Tukaona tumo ndani ya sheria na haki imetendeka, tukanywa chai kwa raha zetu.

Ulipoanza kutusifu ndipo nilipoona haliko sawa. Nikasema moyoni, huyu mtoto anasifu kitu kingine. Nikanyamaza, kwa kuwa magoti ya Mama Vifungo yalikuwa yanapona na wewe ulikuwa na furaha. Sikujua damu inasema. Ningejua kwamba kuna siku watakushika wewe, ningeutia mkono huu kwenye pasi ya moto kwanza.

Hivi ninavyokuandikia nimeshatoka zahanati. Nimemwambia Sista yote, amekaa chini na kushika kichwa. Na hapa nimeambatisha barua ya pili, ya kwenda kwa Profesa na hiyo kamati. Tumeiandika sote, tumetia sahihi sote, na jina langu liko juu kwa kuwa beseni ni langu. Usiipunguze makali. Usiwaambie sisi ni watu wazima wasioelewa. Tunaelewa. Tulikosea tukiwa na akili zetu timamu.

Nami nipe vidonge vyangu, usinionee haya. Nastahili.

Shangazi yako

*

8 Juni

Shangazi,

Nimeipata. Nimeipeleka kwa Profesa. Leo siwezi kuandika zaidi ya hapo.

*

Chumba cha kujazia vidonge
2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Unaona nimeandika wapi. Ufunguo umerudi.

Uliniambia nikupe vidonge vyako, basi meza kwanza, halafu nitakueleza mengine. Nilikasirika, Shangazi. Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe. Kati yenu kuna mwenye vidonda vya tumbo, Sista alishamwandika ili asipangiwe kile kikubwa, na hakuna aliyejua siku hiyo amemeza kiasi gani. Kungekuwa na vikubwa viwili kwa pamoja, siku baada ya siku, je? Wewe uliyemshika Baba mkono wodini, wewe ndiye umekoroga dawa kwenye beseni! Nililisema hilo ukutani kwa kuwa hukuwepo. Sasa nimekwambia.

Na mchele si dhuluma. Hilo nilipaswa kulieleza vizuri zaidi na sikueleza. Mtu akiamini amepewa dawa, magoti yanaweza kutulia kwa kuamini tu, au kwa kuwa msimu wa sare umeisha. Bila wenye mchele siwezi kujua kama dawa imefanya kazi au ni furaha tu ya kupewa chupa. Wale wenye mchele ndio wanaobeba utafiti wote mgongoni.

Sasa sikia kilichotokea kwenye kamati. Mwenyekiti ni daktari mstaafu, mama mmoja mkali ambaye hata Profesa akimwona hufunga kifungo cha koti. Aliisoma barua yenu kwa sauti, yote, mpaka pale mlipoandika "hatuombi msamaha kwa kupendana, tunaomba msamaha kwa kutosema." Akauliza kama kuna mtu mle ndani aliyewahi kupata barua ya namna hiyo kutoka kwa mshiriki, au kutoka kwa mwanasayansi yeyote. Kisha akaomba karatasi yetu ya maelekezo, akausoma ule mstari wa "asiye mshiriki", akasema, "Hawa wanawake wamefuata mlichoandika. Nani aliandika hivi?" Nikanyoosha mkono. Akasema, "Iandike upya."

Basi. Majibu yote ya karakana yametupwa. Hatuwezi kutumia hata moja. Zahanati nyingine zinaendelea, ila bila ninyi hatutimizi idadi na jibu litakuwa la kubahatisha. Kamati imeruhusu mwanze upya, mkitaka, baada ya mapumziko ya mwili kujisafisha. Sharti ni moja. Kila mtu na chupa yake, hata mkiona mwenzenu anaumia.

Sitawalazimisha. Nikisema ukweli, sijui ningekuwa na moyo huo. Niliwahi kuwasifu kwa kitu ambacho hamkufanya. Sasa nawasifu kwa mlichofanya, kwa sababu mngenyamaza tu, mimi ningeondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe.

Kidonge wako

*

Karakana
25 Julai

Mwanangu,

Nimevimeza. Ni vichungu na ni vya haki yangu. Kuhusu kaka yangu, ulichosema ukutani nilikwisha kujiambia mwenyewe, tena mbele ya kioo. Tuliache hapo.

Tulikaa kikao. Nilisoma barua yako, ile sehemu ya wenye mchele niliisoma polepole. Zogo likaanza. Fundi wa kola akasema yeye hawezi kumtazama Mama Vifungo akipanda kwa makalio huku ana dawa mfukoni. Fundi wa mapazia akasema basi tujitoe kwa heshima. Mimi nilikaa kimya, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, wenzangu ni mashahidi.

Mama Vifungo akaweka sindano chini. Akasema, "Mnanizungumzia kama sipo. Mimi mlinipa kwenye beseni bila kuniuliza vizuri, na nilipokea kwa kuwa niliumwa. Sasa naulizwa, na jibu langu ni ndiyo. Nataka chupa yangu mwenyewe, iwe na nini sijui. Na nikimwona mtu na beseni nitamtoboa."

Tumejiandikisha upya, wote. Sista ameleta karatasi mpya. Mstari wako sasa unasema usimpe mtu yeyote, yeyote yule. Hapo hata mimi sina pa kupenya.

Shangazi

*

Karakana
14 Novemba

Kidonge,

Sikuandika muda mrefu kwa kuwa kila nikishika kalamu nataka kukuuliza jambo lisiloulizwa.

Mama Vifungo haponi. Wengine tunasikia nafuu, mmoja sana, mwingine kidogo, si sawasawa kama zamani, na sasa naelewa kwamba hiyo ndiyo sura ya kweli. Lakini yeye yuko palepale, au nyuma kidogo. Zile ngazi tatu zimepotea. Kila asubuhi anameza vyake viwili mbele yetu, anafunga mfuniko, anasema, "Haya, kazi." Chupa yangu iko kwenye mfuko wa aproni, inagongagonga paja langu siku nzima. Mkono unaniwasha, mwanangu.

Dawa hatugawani. Tukaangalia nini kingine kinagawanyika. Meza yake tumeiteremsha chini, mwenye duka ametupa kona karibu na mlango, pana mwanga mzuri kuliko dirishani. Kazi yake ya kukanyaga tumeichukua kwa zamu, yeye anashona ya mkono tu. Sista alikubali, mradi iandikwe. Mwenyewe alikasirika kwanza, akasema tunamfanya mgonjwa, kisha akagundua huko chini anapata umbea wote wa mtaani kabla yetu, na sasa hataki kurudi juu.

Ninakuuliza tu, ingawa najua. Je, anao mchele?

Shangazi

*

Chumba cha kujazia vidonge
22 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui. Ningejua nisingesema. Na ningekuwa hapo karakana ningekuwa nimeshakimbia, nisingeweza kukaa karibu naye kama mnavyokaa. Usamehe mkono wako, ila usiuachie.

Kidonge

*

Chumba cha kujazia vidonge
17 Mei

Mama Vifungo,

Shikamoo mama. Nimezoea kupitisha salamu zako kwa Shangazi, lakini hii ni haki yako kuisoma wa kwanza.

Jana Mtakwimu alifungua siri. Tulikaa chumba kizima. Jibu lipo, mama, na liko wazi. Kipimo kidogo kinatosha. Vile viwili vya kiasi kidogo, ambavyo sasa tumevitia ndani ya kidonge kimoja cha asubuhi, vinafanya yote ambayo mzizi huu unaweza kufanya. Kile kikubwa hakikuongeza nafuu hata chembe, na kwa baadhi ya watu damu ilionyesha ini limeanza kulalamika, tukawaachisha dawa mapema wakapona. Kwa hiyo miaka yote hii watu walikuwa wakijiongezea madhara tu, wakidhani wanajiongezea dawa.

Namba imepatikana. Profesa alitoka nje akajifanya anatafuta simu. Mimi sikujifanya chochote, nililia palepale.

Sasa la pili, ambalo nimeliandika na kulichana mara kadhaa. Chupa yako ilikuwa mchele. Yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila nilipofunga mfuniko nikikuwaza, nilikuwa nafunga mchele.

Sina namna ya kulipamba. Uliumwa mwaka huu wote wakati dawa ilikuwa imekuzunguka mifukoni mwa watu wanaokupenda, na hukuinyooshea mkono. Mtakwimu, ambaye hasemi, alisema kwamba bila kundi la mchele la karakana yenu tusingeweza kulitofautisha jibu na bahati. Nimefanya kazi na watu waliosoma sana. Hakuna ninayemheshimu kukuzidi wewe.

Kamati imeruhusu wenye mchele wapewe dawa ya kweli sasa. Sista atakuletea chupa siku chache baada ya barua hii. Ni ya kwanza kuandikwa namba.

Mwanao,
Kidonge

*

Karakana, chini, karibu na mlango
26 Mei

Mwanangu Kidonge,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko, mimi ni wa vifungo, kalamu si jirani yangu.

Nikwambie ukweli kama ulivyoniambia. Nilikasirika mchana mzima. Nilikukasirikia wewe, nikaukasirikia mchele, nikamkasirikia fundi wa kola na magoti yake mazima. Nilijua, unajua. Mwili unajua. Lakini kujua na kuandikiwa si kitu kimoja. Wakaniacha nikae. Shangazi yako alikuja akakaa chini kwenye gunia la vipande, akawa ananitungia uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine mpaka zikaisha.

Halafu hasira ikaondoka. Usinipandishe sana, mimi si malaika. Nilikubali kwa sababu nilichoka kuhurumiwa, nikataka kuwe na jambo moja ambalo magoti haya yamelifaa. Sasa lipo, na nimeridhika nalo. Ukiwa na utafiti mwingine nitafute, ila safari hiyo uwe wa macho, magoti yamestaafu.

Chupa nimeipokea jana. Sista aliileta, wote wakateremka wakasimama kunizunguka, cherehani zimezimwa. Sikuifungua. Niliisoma kwanza, kwa sauti: kimoja asubuhi, usizidishe. Shangazi yako akasema, rudia. Nikarudia. Akasema tena rudia. Nikamsomea mara ya tatu, polepole, kama vile ninamsomea kaka yake.

Kisha nikameza kimoja, nikafunga mfuniko.

Mama Vifungo